MUNGU HAOGOPI SOMO LA BIOLOJIA

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 1:11 na 20-25; Ayubu 12:7-10; Zaburi 139:13-16; Matendo ya Mitume 17:10-28

 

Mwezi huu wazee wa kanisa wametuomba tuandike juu ya jambo linalowasumbua wazazi. Katika shule ya sekondari hapa kambini, mwalimu wa biolojia amefika kwenye sura ya chanzo cha uhai na mageuko ya viumbe. Watoto wamerudi nyumbani na maneno mapya, na baadhi ya akina baba wamekasirika sana. Mama mmoja alitujia baada ya maombi ya Jumatano, mwanawe nyuma yake, akasema: "Mchungaji, sisi tulikimbia bila hata sufuria. Nilibeba mtoto na Biblia. Leo mtoto huyo ananiambia babu yake ni nyani. Nimtoe katika somo hilo?" Kabla hatujajibu, kijana akasema polepole, macho chini: "Baba Mchungaji, nikitoka katika biolojia, mtihani wa Serikali sitaupita."

Hili si jambo dogo. Kijana wa kambini hana shamba la urithi, hana ng'ombe, wala hana mjomba mwenye duka mjini. Ana daftari. Tukimlazimisha achague kati ya daftari na Biblia, akichagua Biblia atabaki bila cheti, na akichagua daftari atatuaga moyoni mwake huku bado akikaa katika viti vyetu vya nyuma. Tumewaona vijana wa namna hiyo. Wanaimba kwaya, lakini wameshaondoka.

Basi tufanye kama watu wa Beroya, ambao Luka anawasifu kwa sababu walichunguza kabla ya kukubali au kukataa. Ni vigumu kuhukumu jambo ambalo hujasikia linasema nini. Kwa hiyo tuvumiliane kidogo. Habari yenyewe ni ndefu na ina maneno ya shule.

Tuanze na nyama. Zamani watu wengi, hata wenye elimu, waliamini kwamba nyama ikiachwa ioze inazaa funza yenyewe, na kwamba matope yanazaa vyura. Mwaka 1668 daktari mmoja wa Italia, Francesco Redi, aliweka nyama katika vyombo, vingine akaviacha wazi, vingine akavifunika kwa kitambaa. Kwenye vyombo vya wazi nzi waliingia, wakataga, funza wakatokea. Kwenye vilivyofunikwa funza hawakupatikana juu ya nyama. Kila mama anayefunika mboga kwa sahani hapa kambini anafanya jaribio la Redi kila siku. Karibu miaka 200 baadaye Mfaransa Louis Pasteur alifanya vivyo hivyo kwa vijidudu visivyoonekana kwa macho: alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata, vumbi likanaswa katika shingo, na mchuzi ukakaa bila kuoza. Akivunja shingo, unaoza. Mwaka 1862 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ikampa tuzo kwa kazi hiyo. Tangu hapo imejulikana kwamba viumbe tunavyoviona huzaliwa na viumbe.

Hapo ndipo swali kubwa linapoanza. Kama uhai hutoka kwa uhai, ule wa kwanza ulitoka wapi? Wataalamu wa miamba wanasema dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 na zaidi kidogo. Hesabu hiyo Clair Patterson wa Marekani aliitoa mwaka 1956 kwa kupima madini ya risasi katika vimondo. Na katika miamba ya magharibi ya Australia zipo alama za viumbe vidogo sana vilivyoishi karibu miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kati ya dunia tupu na alama hizo, kitu kilitokea. Kitu gani?

Mwaka 1953, huko Chicago, mwanafunzi aitwaye Stanley Miller, chini ya mwalimu wake Harold Urey, alichukua vyombo viwili vya kioo vilivyounganishwa kwa mirija. Chini aliweka maji yanayochemka kuwa kama bahari, juu akaweka gesi alizodhani zilikuwepo zamani: methani, amonia na haidrojeni. Kisha akapitisha cheche za umeme kuwa kama radi. Baada ya siku moja maji yalianza kuwa na rangi ya waridi. Baada ya juma moja yalikuwa mekundu. Alipoyapima akakuta amino asidi, yaani vile vitu vidogo ambavyo vikiungana hufanya protini, hiyo protini tunayoipata katika maharage ya mgao. Miller alifariki mwaka 2007, na mwaka uliofuata wanafunzi wa kazi yake walipima tena vichupa vyake vya zamani kwa mashine mpya, wakakuta amino asidi za aina zaidi ya 20.

Tangu hapo utafiti haukusimama. Mwaka 2009 John Sutherland na wenzake huko Uingereza walionyesha njia ambayo kemikali rahisi zinaweza kufanya baadhi ya vipande vya RNA, ambayo ni ndugu ya ile DNA inayobeba urithi wa kila kiumbe. Na Septemba 2023 chombo cha Marekani kilirudi duniani na gramu 121.6 za vumbi na mawe kutoka katika jiwe linalozunguka jua, linaloitwa Bennu. Mwaka 2025 wachunguzi walitangaza kwamba ndani yake mna amino asidi 14 kati ya zile 20 ambazo viumbe hutumia kujenga protini, pamoja na herufi zote tano za DNA na RNA. Jiwe la angani, wapendwa, ambalo halijawahi kukanyagwa na mtu.

Je, uhai umepatikana katika chupa? Hapana. Ninyi mliojenga nyumba za tofali mbichi mtaelewa upesi. Kuwa na tofali siyo kuwa na nyumba. Amino asidi ni tofali. Mpaka leo hakuna mtu aliyeanza na kemikali tupu akatoa chembe hai inayokula, inayokua na kuzaa. Wachunguzi wenyewe hawakubaliani juu ya mahali pa kuanzia: wengine wanasema ni kwenye chemchemi za moto chini ya bahari, ambazo watu waliziona kwa mara ya kwanza mwaka 1977 karibu na visiwa vya Galapagos, wengine wanasema ni kwenye madimbwi ya nchi kavu, yanayokauka na kujaa tena. Ninyi wa Fizi mnaijua Rasi ya Banza huko Ubwari. Chini ya ziwa hapo kuna maji ya moto yanayobubujika kutoka mwambani, na wataalamu wanayachunguza tangu miaka ya 1980. Ziwa letu ni changa mno kuwa mahali pa mwanzo, lakini chemchemi kama hizo ndizo zinazowafanya wataalamu wafikiri.

Sasa tunajua ndugu wengine wanapiga makofi wakisoma hapa. Wanasema: "Mmeona? Wameshindwa! Basi Mungu yupo." Tunawaomba mshushe mikono. Kama Mungu anaishi tu katika mahali ambapo wataalamu hawajafika, tutamfanya Mungu wetu mkimbizi. Kila utafiti mpya ukitoka, atafunga virago ahamie kambi nyingine, ndogo zaidi. Leo anakaa katika swali la chembe ya kwanza. Kesho Mjapani au Mmarekani akilijibu swali hilo, mtampeleka wapi? Sisi tunajua maisha ya kuhamishwa. Tusimpe Muumba wetu maisha hayo.

Soma Zaburi ya 139. Daudi anasema Mungu ndiye aliyemtengeneza tumboni mwa mama yake. Na bado mkunga wa zahanati anajua wiki ngapi moyo wa mtoto unaanza kusikika, anajua kondo ni nini, anajua kwa nini mama apewe vidonge vya kuongeza damu. Je, kuna mama yeyote aliyemwambia mkunga, "Wewe unamkana Mungu kwa kueleza mimba"? Hakuna. Tunakubali mambo yote mawili bila taabu: mtoto huyu Mungu amemuumba, na mtoto huyu amekua kwa miezi tisa kwa njia inayoweza kupimwa. Basi kama Mungu aweza kumuumba mtu mmoja kwa miezi tisa bila kupoteza utukufu wake, mbona tunaona haya akitumia miaka bilioni?

Angalieni tena Mwanzo sura ya kwanza, na tunawaomba mwifungue sasa, msiamini tu maneno yetu. Katika mstari wa 11 Mungu anaiambia nchi itoe majani na miche. Mstari wa 20 anayaambia maji yajae viumbe. Mstari wa 24 anaiambia nchi tena, izae wanyama. Mungu anatoa amri, lakini anaiamuru nchi ifanye kazi, na nchi inatii. Tulipokuwa chuo cha Biblia tulisoma sura hii mara nyingi, na bado jambo hili linatushangaza: Muumba anawapa kazi maji na udongo.

Tuje kwenye mageuko yenyewe, maana ndiyo yanayowakasirisha watu zaidi kuliko chupa za Miller. Charles Darwin alitoa kitabu chake mwaka 1859. Wazo lake kwa ufupi ni hili: watoto wa kiumbe chochote hawafanani kabisa, baadhi huzaliwa na tofauti inayowasaidia kuishi mahali walipo, hao huzaa zaidi, na tofauti yao hurithiwa. Muda ukiwa mrefu, ukoo unabadilika, na ukoo mmoja unaweza kugawanyika kuwa wawili.

Wengine wanasema jambo hilo halijawahi kuonekana. Wapendwa, limeonekana, tena katika miili ya watoto wetu. Wazee mnakumbuka klorokwini, ile dawa chungu ya malaria. Zamani vidonge vichache vilitosha. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hapa Afrika Mashariki, vimelea vya malaria vikaanza kuishi licha ya dawa. Kati ya vimelea mamilioni, vichache vilikuwa na tofauti ndogo iliyoviwezesha kuitema dawa. Vingine vilikufa, vile vikabaki vikazaa. Tanzania iliacha kuitumia mwaka 2001, na sasa tunapewa dawa mseto. Malawi waliiacha mapema, mwaka 1993, na huko likatokea jambo la ajabu: bila klorokwini, vimelea sugu havikuwa na faida tena, vikapungua, na utafiti uliotolewa mwaka 2006 ukaonyesha kwamba dawa ilikuwa imerudi kufanya kazi. Hayo ndiyo mageuko. Na hata dawa mseto imeanza kutishiwa: vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimethibitishwa Rwanda na Uganda. Kwa hiyo mama anayempa mtoto nusu ya dawa na kuweka nusu kwa ajili ya homa ya mwezi ujao, anavisaidia vimelea kujifunza. Tunajua sababu ni umaskini na foleni ya zahanati. Lakini malizeni dozi.

Jambo la pili ni chungu zaidi. Katika makanisa yetu kuna familia zenye mtoto wa selimundu, ugonjwa ambao wengi tunauita SS. Mtoto analia mifupa, macho yanakuwa ya manjano, na jirani ananong'ona kwamba bibi yake ni mchawi. Kuna mabibi waliofukuzwa katika nyumba zao kwa ajili ya hilo, huko tulikotoka na hata hapa. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alieleza kwa nini ugonjwa huu uko mwingi Afrika. Mtu aliyerithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hawi mgonjwa, na tena anakingwa na malaria kali. Kwa sababu hiyo, katika nchi za mbu wengi, watu wa namna hiyo walipona utotoni na kuzaa, na urithi huo ukaenea. Lakini wazazi wawili wenye urithi huo wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto wa SS. Bibi hakuroga mtu. Yawezekana bibi huyo yuko hai, na ninyi nyote mmezaliwa, kwa sababu damu yake ilimkinga na malaria alipokuwa mchanga. Mwambieni arudi nyumbani. Somo hilo hilo la biolojia ambalo baba anataka mwanawe alikimbie lingeweza kumrudisha nyanya wa mtu kwenye mkeka wake.

Na sasa samaki, kwa sababu Ayubu alituma watu wakawaulize samaki, nasi tumetoka ziwani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na lina samaki wa jamii ya kuhe wa aina karibu 240, karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kuhe mwenyewe ndiye mkubwa kuliko wote katika ukoo huo. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, walitoa matokeo ya kazi kubwa: walikusanya karibu aina zote hizo, wakapima miili yao na kusoma urithi wao, wakaona kwamba utofauti huo wote ulitokea humo humo ziwani katika muda wa chini kidogo ya miaka milioni 10. Kuna anayekwangua mwani juu ya mawe, kuna anayekaa ndani ya konokono, kuna anayelea mayai kinywani. Na kuna mmoja mwizi, anayekula magamba ya samaki wenzake. Mjapani Michio Hori aliandika mwaka 1993 kwamba samaki huyo ana mdomo uliopinda: wengine kushoto, wengine kulia, kila mmoja akishambulia ubavu mmoja wa mawindo yake. Wa kushoto wakizidi, mawindo hujilinda zaidi upande ule wanaoshambuliwa, basi wa kulia hushiba na kuongezeka. Kisha mambo yanageuka. Hivyo hesabu yao inayumba karibu nusu kwa nusu. Tulikula samaki wa ziwa hilo utoto wetu wote na hatukuwahi kumtazama mdomoni.

Hata ndagala ni mgeni ziwani. Yeye ni jamii ya dagaa wa baharini. Urithi wake unaonyesha kwamba babu zake waliingia kutoka bahari ya magharibi mwa Afrika, mamilioni ya miaka iliyopita. Msimcheke, sisi pia tulifika kwa maji.

Tufike kwa nyani sasa, maana mama yule anangoja jibu. Wanasayansi hawasemi kwamba mtu alizaliwa na nyani tunayemfukuza shambani. Wanasema mwanadamu na sokwe wana wazazi wa kale wamoja, walioishi kiasi cha miaka milioni 6 au 7 iliyopita, na kwamba urithi wetu na wa sokwe unafanana kwa karibu asilimia 99. Bonobo, ambaye ni sokwe pia, anapatikana porini katika nchi yetu ya Kongo tu, kusini ya mto. Hapa jirani, Gombe, Jane Goodall aliyefariki Oktoba 2025 alianza kuwatazama sokwe mwaka 1960, akaona wakichokoa mchwa kwa majani. Na huko Laetoli, kaskazini ya Tanzania, mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Watu wa Goma wanaojua majivu ya Nyiragongo wataelewa jinsi unyayo unavyoweza kubaki.

Je, hilo linatuvunjia heshima? Mwanzo 2:7 inasema tulitoka katika mavumbi. Sokwe ni bora kuliko mavumbi, kama ni suala la kujivunia ukoo. Heshima yetu haikuwekwa katika malighafi, iliwekwa katika mfano wa Mungu, na mfano huo hauonekani kwa darubini wala haufutwi nayo.

Lakini tunataka tukae kidogo mahali pengine, kwa sababu katika eneo letu la Maziwa Makuu kuna mafundisho juu ya asili ya watu yaliyomwaga damu, na hayo hayakutoka katika daftari la huyu kijana. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieneza wazo kwamba watawala fulani wa nchi hizi ni watu wa asili nyingine waliotoka kaskazini, na wazo hilo likafungwa na jina la Hamu mwana wa Nuhu. Mwanzo sura ya 9 haisemi neno lolote la namna hiyo. Hata hivyo wamisionari wakalifundisha, wataalamu wa wakati ule wakapima vichwa na pua za watu, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila katika kadi za watu wa Ruanda-Urundi. Mwaka 1994 huko Rwanda kadi hizo zilisomwa vizuizini, na mtu aliuawa kwa neno moja lililoandikwa humo. Moto huo haukubaki Rwanda. Sisi tulioko hapa ni majivu yake. Biblia iliyosomwa vibaya na sayansi iliyofanywa vibaya zilishikana mikono, na tunawaombeni mkumbuke kwamba zote mbili zilikuwapo.

Sayansi ya sasa imeyakataa hayo kwa sauti kubwa. Kazi ya kusoma urithi wote wa mwanadamu ilitangazwa kukamilika mwaka 2003. Aliyeiongoza kwa upande wa Marekani, Francis Collins, ni Mkristo aliyeokoka akiwa mtu mzima. Ikaonekana kwamba watu wawili wowote duniani wanafanana kwa karibu asilimia 99.9, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti ndogo zilizobaki hupatikana ndani ya kila jamii, siyo kati ya jamii na jamii. Mifupa ya kale kabisa ya watu kama sisi imepatikana Afrika: Jebel Irhoud huko Moroko, ya miaka kama 300,000, na Omo Kibish huko Ethiopia, ya miaka zaidi ya 200,000. Watu wote wametoka nyumba moja. Paulo aliwaambia hivyo watu wa Athene, kwamba Mungu alifanya mataifa yote kutoka kwa mmoja. Mtoto akitoka darasani akijua hilo kwa hesabu, hata mtu mwenye redio na chuki atapata shida kumdanganya. Baba unayetaka kumtoa katika somo hilo, fikiri vizuri ni ulinzi gani unaomvua.

Hatusemi maswali yote yamekwisha. Kati yetu wachungaji wa umoja wa makanisa hapa kambini, wengine wanashika kwamba siku sita za Mwanzo ni siku za saa 24, wengine wanasema ni nyakati, wengine kwamba ni mpango wa ibada. Kuhusu Adamu na namna dhambi ilivyoingia, tunaendelea kusoma Warumi 5 pamoja, na bado mazungumzo ni moto. Hilo lisiwatishe. Na mwalimu yeyote akisema kwamba kwa kuwa viumbe vimegeuka basi Mungu hayupo, ameondoka katika biolojia ameingia katika mahubiri, na kijana anaweza kumwambia hivyo kwa adabu. Darubini haina jicho la kuona kama kuna anayetupenda. Imani yetu ilizaliwa kwenye kaburi lililokutwa tupu asubuhi ya siku ya tatu. Haikuzaliwa kwenye umri wa mawe, wala haitakufa kwa sababu hiyo.

Jambo hili si geni kanisani. Mwafrika mwenzetu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi inayoitwa leo Algeria, aliandika kitabu kizima juu ya Mwanzo. Humo aliwaonya Wakristo waache kusema mambo ya kipuuzi juu ya nyota na wanyama mbele ya watu wanaojua, eti ndivyo Biblia inavyosema. Maana wakisikika wakikosea katika mambo hayo, nani atawaamini wakihubiri ufufuo? Augustino alifariki mwaka 430 katika mji wake wa Hippo, ukiwa umezingirwa na jeshi la Wavandali na kujaa watu waliokimbia vita. Askofu wa wakimbizi, kwa kusema kweli.

Kwa hiyo tulimjibu mama yule hivi, na ndivyo tunavyowajibu wote. Kijana akae darasani. Ajifunze sura yote, aijibu mtihanini kama ilivyofundishwa, na hilo silo kukana imani, kama vile kueleza sheria za mpira siyo kujiunga na timu. Jioni mama amwambie amsomee daftari, hata kama mama hajui Kifaransa. Kijana atafsiri, mama aulize. Mwalimu asitukanwe njiani. Yeye pia ni mkimbizi, anafundisha darasa la watoto wengi kwa chaki anayoikata vipande, na mshahara wake mnajua ulivyo.

Kuanzia Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, wanafunzi watakaofanya mtihani wa Serikali watakutana nasi kanisani baada ya mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa biolojia amekubali kuja. Maswali yaandikwe katika karatasi na kuwekwa katika sanduku la sadaka la zamani, lile lisilo na kufuli, mlangoni kwa mzee wa zamu. Asiyetaka kuandika jina asiandike. Wazazi pia mnakaribishwa, mje na Biblia na viti vyenu, kwa kuwa mabenchi hayatatosha. Na wale wenye watoto wa SS, muuguzi wa zahanati atakuwepo saa moja kabla, kwa wenye maswali ambayo hawapendi kuyauliza mbele ya watu.